Amana Iliyo Tumboni: Yafaaje Kumwendea Mwenye Mimba kwa Kutaka Kumlea Mwanawe

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, amuumbaye mwanadamu katika matumbo ya mama zake, umbo baada ya umbo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Mas'ala tutakayoyasema katika risala hii ni haya. Mtu na mkewe, watu wa pwani, wamekaa Mbinga kwa biashara miaka mingi, wala Mwenyezi Mungu hakuwaruzuku mtoto. Wakasikia ya kuwa huko chini, katika ufuo wa Ziwa Nyasa baina ya Lituhi na Mbamba Bay, yuko mwanamke mwenye mimba, na mwanamume aliyempa mimba hiyo amemkimbia, naye hana nguvu za kulea. Wataka kumwendea, wajijulishe kwake, wamwombe akijifungua awape mtoto awe mtoto wao. Je, yafaa? Na ikiwa yafaa, wamwambie nini? Nimeulizwa mas'ala ya namna hii zaidi ya mara moja, na walioniuliza ni watu wema. Kwa hivyo nimeona haitoshi kuyajibu kwa neno moja la halali au la haramu, kwani ndani yake mna halali nyingi na haramu nyingi zimekaa bega kwa bega.

Kwanza yapasa tujue ya kuwa kukosa mtoto si aibu wala si adhabu. Katika Sura ya Shura, aya ya 49 na ya 50, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba yeye ndiye ampaye amtakaye wana wa kike, na amtakaye wana wa kiume, na amtakaye humjaalia tasa, na hayo yote ni kwa ujuzi wake na uweza wake. Nabii Zakaria aliomba mtoto hali mvi zimeenea kichwani, na hakuna aliyemlaumu kwa kuomba. Na mama yetu Aisha, radhi za Mungu zimfikie, hakuzaa, lakini Mtume alimpa lakabu ya Ummu Abdillah kwa jina la mwana wa dada yake, Abdullah bin Zubeir. Basi huzuni ya mke asiyezaa ni huzuni ya haki, na mume aidharauye ni mtu asiye na huruma.

Tena kulea mtoto asiye na mlezi ni katika mambo makubwa ya kheri. Mtume wetu amebainisha ya kwamba mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi mfano wa vidole viwili vilivyo pamoja. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i wamesema kwamba kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya, yaani mji mzima hupata dhambi ikiwa wote watampita. Wakasema vilevile kwamba mwenye kumwokota yapasa ashuhudize watu, asije siku moja akadai kwamba ni mtumwa wake au mwanawe. Angalia sana sharti hilo la mashahidi. Hata mtu atendaye wema mkubwa kama huo sheria haikumwacha peke yake na mtoto. Ilijua ya kuwa moyo wa mtu hugeuka, na kwamba kitu kilichookotwa kwa rehema chaweza kushikwa kwa tamaa.

Sasa tuje kwenye neno lililo zito, nalo ni "awe mtoto wetu". Zama za ujahili Waarabu walikuwa wakimchukua mtoto wa mtu wakamwita kwa jina la aliyemchukua, akarithi kama mwana wa damu. Zaid bin Haritha mwenyewe aliitwa mwana wa Muhammad, mpaka ziliposhuka aya ya 4 na ya 5 za Sura ya Ahzab, zikaamrisha watoto hao waitwe kwa baba zao. Na ikiwa baba hawajulikani, basi wao ni ndugu zetu katika dini. Zaid akarudia kuitwa bin Haritha, wala mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Hapo ndipo penye siri ya hukumu hii. Mwenyezi Mungu hakukataza kupenda, wala kulisha, wala kuvisha, wala kumwita mtoto "mwanangu" kwa huruma, kwani Mtume alimwita Anas hivyo naye si mwanawe. Kilichokatazwa ni uongo juu ya nasaba. Mtoto ana haki ya kujua ametoka wapi, na haki hiyo haifutwi kwa wingi wa mapenzi ya mlezi.

Hapana shaka wako watakaosema: Jina ni kitu kidogo, la maana ni malezi. Nawaambia hivi: kwa watu wa pwani, wakizungumza na watu wa Ziwa Nyasa, jina si kitu kidogo hata kidogo. Katika karne ya kumi na tisa njia ya misafara ilitoka ziwa hilo ikashuka hadi Kilwa, na waliotembezwa katika njia hiyo walikuwa wanadamu, na wengi wao walikuwa watoto. Huko Unguja "Mnyasa" likawa jina la aina ya mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, naye akapiga marufuku misafara ya bara mwaka 1876, lakini katika Tanganyika utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria ila mwaka 1922. Wangapi katika hao waliingia majumba yetu wakiwa wadogo, wakapewa majina mapya, wakaambiwa "wewe ni mtoto wa nyumba hii", na mama zao wakabaki ufuoni wasijue kama wako hai? Basi mtu wa pwani ashukaye leo kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kumwomba mwanamke mwanawe, na ajue ya kuwa anapita njia iliyokwisha kupitwa na wengine kabla yake. Nia yake si nia yao. Walakini nia haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni vitendo, na kwa hivyo vitendo vyake yapasa viwe mbali kabisa na vyao.

Na katika Qur'ani mna jambo la kuzingatiwa. Mara mbili Mwenyezi Mungu ametuhadithia habari ya watu waliosema juu ya mtoto asiye wao kwamba watamfanya mtoto: bwana wa Misri alipomnunua Yusuf, na mke wa Firauni alipomwona Musa. Na wote wawili, kabla ya kutaja kumfanya mtoto, walitaja kwanza kwamba huenda akawafaa. Tazama mpango wa maneno hayo. Moyo wa mwanadamu, hata ukiwa mwema kama wa mke wa Firauni aliyeamini, huanza na haja yake yenyewe. Wala mtoto Musa hakutulia katika jumba lile kwa sababu ya utajiri wake. Alikataa matiti yote mpaka aliporudishwa kwa mama yake, ili jicho la mama lipate kuburudika. Kama jumba la Firauni halikuweza kuwa badala ya mama, duka la Mbinga litaweza?

Sasa tuseme habari ya kujijulisha. Huko Marekani imekuwa desturi kwamba mume na mke watakao mtoto hutengeneza daftari la picha na barua, wakaeleza nyumba yao, kazi yao na mapenzi yao, na mwanamke mwenye mimba husoma madaftari mengi kisha akachagua. Desturi hiyo ina jema lake, kwani mama huwaona watu kabla ya kuamua, wala mtoto hachukuliwi gizani. Lakini ina hatari yake pia, nayo ni kwamba kila mwenye haja hujipamba. Mtume wetu alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini imerowa na juu ni kavu, akamkemea mwenye kuuza kwa kuficha kilichorowa. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya kibaba cha nafaka, itakuwaje kwa mtu ajipambaye mbele ya mama ili apate mtoto? Mfanyabiashara wa pwani ajua vizuri namna ya kuweka kikavu juu. Na asifanye hivyo hapa.

Basi aseme nini? Kwanza asiende peke yake. Na atangulie mke pamoja na mwanamke mzima wa mahali pale, wapige hodi kwa adabu, wawaamkie wazee kwa heshima ya nyumba hiyo. Na asisemezwe mwanamke peke yake pasipo wakubwa wake, maana kuna jamaa, kama Wayao, ambao mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake, na neno lisilopita kwake si neno. Kisha waseme wazi mambo haya, hata kama kila moja katika hayo laweza kuwakosesha mtoto.

La kwanza, kwamba mtoto hataitwa kwa jina la mume huyu, bali atajulikana kwa asili yake, na kwamba akipata akili ataambiwa mama yake ni nani na yuko wapi. La pili, kwamba nyumba yao ni nyumba ya sala na saumu, na mtoto atakua akiyaona hayo. Wanawake wengi wa ufuo ule ni Wakristo, wa Anglikana na wa Katoliki, na Liuli pana hospitali ya misheni ya tangu zamani. Kumficha mama jambo la dini ni hadaa, na dini yetu, ambayo imekataa kulazimishana, haitaki mtu aingizwe kwa hila. Akikataa kwa sababu hiyo, washukuru waondoke. La tatu, kwamba mtoto hana fungu katika mirathi, walakini mlezi aweza kumpa zawadi katika uhai wake, na kumwusia mpaka thuluthi ya mali yake. Na yafaa wasia huo uandikwe, si wa kusemwa tu. La nne, kwamba mama atakuwa na njia ya kumwona mwanawe. La tano, nalo ndilo gumu, kwamba akisha kuzaa na moyo wake ukageuka, mtoto ni wake, wala hadaiwi kitu.

Hilo la tano litawaudhi wengi, lakini dalili zake zi wazi. Sheria yetu haikubali kuuza mimba ya mnyama iliyo tumboni, kwa kuwa ni jambo lisilojulikana. Ikiwa mimba ya ngamia haifungwi kwa mapatano, mwanadamu, ambaye hauziki kabisa, atafungwaje? Mama wa Maryam aliweka nadhiri ya kilicho tumboni mwake, lakini aliweka kwa Mola wake kwa hiari yake, hakuna mtu aliyesimama mlangoni akimngoja. Na ulezi wa Maryam haukuamuliwa ila alipokwisha kuzaliwa, tena kwa kura mbele ya watu, ukamwangukia Zakaria. Na katika sahihi ya Muslim mna habari ya mwanamke wa Ghamid, aliyemjia Mtume akikiri kosa lake naye ana mimba. Mtume alimrudisha mpaka azae, kisha mpaka amwachishe mtoto ziwa. Ikiwa haki ya Mwenyezi Mungu mwenyewe ilingojea tumbo na titi, haja ya mimi na wewe ni nini hata isingoje? Na wenye akili wa mataifa mengine wamefika hapo hapo: sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 yasema kwamba ridhaa ya mama aliyoitoa kabla mtoto hajatimiza wiki 6 haina nguvu.

Tena kuna mambo ya mali. Wakati wa kuuza kahawa, mwenye duka Mbinga huwa na fedha mkononi. Na mwanamke aanikaye usipa mchangani hana hata ya kununulia kanga ya kumpokelea mtoto. Baina ya watu wawili hawa neno "ridhaa" ni jepesi sana. Atasema "naam" kwa sababu ya njaa, na njaa si ridhaa. Kwa hivyo nasema: kabla ya kumwomba mtoto, muulize, je, kama ungepata msaada ungependa kumlea mwenyewe? Na ukimwuliza, uwe tayari kwa jibu. Hapa ndipo mtu atakapojijua. Akisema "naam, nisaidie nimlee", ukihuzunika, hiyo ni tabia ya binadamu na Mungu ataipokea subira yako. Lakini ukiurudisha mkono wako na fedha zako, basi jua ya kuwa hukuwa mlezi, ulikuwa mnunuzi, na sadaka uliyoitaja ilikuwa bei iliyofunikwa kitambaa.

Mtu mmoja aliniambia: "Sheikh, ukiyaweka masharti haya, hakuna atakayekwenda; na mwanamke yule atamtupa mtoto chooni au ataitoa mimba. Je, si bora uongo mdogo uokoao roho?" Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Nami namjibu hivi. Ikiwa roho iko katika hatari, wajibu wa kuiokoa ni wa Waislamu wote wa mahali pale, tena hauna sharti lolote. Basi mpeni mama chakula, mpelekeni hospitali, msitirini, hata kama hakuna atakayepata mtoto. Uongo hauokoi roho hapo. Uongo huokoa tu tamaa ya mwongo. Na mwenye kweli aogopaye kwamba ukweli utamkosesha mtoto, hajui nguvu ya ukweli. Mama aliye katika dhiki amekwisha kudanganywa na mwanamume mmoja. Atakayemjia kwa mambo ya wazi, yaliyo mazuri na yaliyo mazito, huenda akawa mtu wa kwanza wa kuaminiwa tangu dhiki ilipomshika.

Wako pia waulizao: mtoto akikua, atakaaje nyumbani na mke wangu, au na mimi, naye si maharimu wetu? Dawa yake imo katika kunyonyesha. Kwa madhehebu yetu, mtoto akinyonya mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili, hupata udugu wa ziwa. Akiwa wa kiume, na anyonyeshwe na dada wa mke, ili mke awe khalati yake. Akiwa wa kike, na anyonyeshwe na dada wa mume, ili mume awe mjomba wake. Na mke mwenyewe akipata maziwa akamnyonyesha, huwa mama yake wa ziwa. Ziwa haliletei mirathi wala halibadili nasaba, lakini huleta heshima ya ujamaa na huondoa mashaka ndani ya nyumba. Na hesabu hiyo iandikwe na ishuhudiwe, kwani udugu wa ziwa ukisahauliwa, watu huoana na ndugu zao.

Hapo twafika kwenye sitara. Watu wa pwani twapenda sitara, na ni tabia njema. Lakini tusichanganye sitara na uongo. Kumsitiri mama, asitangazwe kosa lake katika mabaraza, ni wajibu. Kumficha mtoto asili yake ni dhuluma, na tena ni hatari, kwa kuwa vijiji vya ufuo ni vidogo na watu wake waoana. Siri na iwe kwa majirani, isiwe kwa mwenye nafsi yake. Na mtoto huyo, hata akiwa wa zinaa, hana dhambi ya mtu yeyote shingoni mwake. Ananasibishwa kwa mama yake, na aitwe kwa jina hilo bila ya haya. Nabii Isa, aliyeumbwa pasipo baba na mama yake ni msafi, ametajwa katika Qur'ani kwa jina la mama, wala hakuna jina lililotukuka kuliko lake katika zama zake.

Jambo la mwisho ni la serikali. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo imetaja ulezi wa kambo na kuasili. Kuasili ni jambo la mahakama, si la nyumba mbili kupatana usiku. Muislamu asidhani kwamba kwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii ni kuacha sheria ya Mungu. Mashahidi walioamrishwa na wanavyuoni wetu katika mtoto wa kuokotwa, hao ndio maana yake. Na mkataba wa mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliukubali mwaka 1991, katika kifungu cha 20 umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa kwao. Basi mlezi aweza kusema mbele ya hakimu bila ya kuona haya: Nataka kulea, sitaki kubadili nasaba.

Kwa ufupi, ndugu Muislamu, ukimwendea mwenye mimba, usiende kama mtu aliyekosa kitu aendaye kutafuta cha kukijaza. Nenda kama mtu atakaye kukabidhiwa amana, naye ajua kwamba amana ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe aweza kuidai. Ukipewa, ilinde. Usipopewa, wewe si mpungufu, na hatua ulizokwenda kwa nia njema hazipotei kwa Mola wako. Na mtoto akikua kwako akakupenda, kisha akaenda Mbamba Bay kumwamkia mama yake, usione wivu. Hilo litakuwa ndilo shahidi la kwamba ulimlea vizuri.

Mwenyezi Mungu awaruzuku wasiozaa subira na malipo, awasitiri wenye dhiki, awape watoto wetu wote walezi waaminifu. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.